Kutoa na kujumlisha nanosekunde katika C

Chukua kifaa cha kupima maji ya bahari gatini Malindi. Kihisi cha sauti kimefungwa juu, kinapiga mlio kuelekea chini, mwangwi unarudi, na programu ya C inahesabu muda wa kwenda na kurudi. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo milimita moja ya maji ni kama mikrosekunde 6 tu.

Kosa la kwanza ni kuchagua saa isiyofaa. `CLOCK_REALTIME` ni saa ya kalenda, na hurekebishwa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ndogo isiyo na betri ya saa huamka na wakati wa zamani, kisha mtandao ukipatikana saa inaruka. Ikiruka mbele milisekunde 20 katikati ya kipimo, umeongeza mita 3.5 ambazo hazipo. Wakati wa bamvua bahari yetu huweza kupanda na kushuka hadi takriban mita 4, basi maji yaliyojaa yataonekana yamekupwa. Kupima muda tumia `CLOCK_MONOTONIC`, ambayo hairudi nyuma wala hairushwi saa inaporekebishwa. Ile ya kalenda ibaki kwa kuandika tarehe ya kipimo. Ukikompaili kwa `-std=c11`, weka `#define _POSIX_C_SOURCE 200809L` juu kabisa, kabla ya `#include` yoyote, la sivyo kompaila haitaitambua `clock_gettime`.

Jibu huja ndani ya `struct timespec`: `tv_sec` ni sekunde, `tv_nsec` ni nanosekunde, na hizi lazima ziwe kati ya 0 na 999,999,999. Ukitoa, azima kama ulivyofundishwa hesabu za kutoa darasani:

```c
struct timespec muda_toa(struct timespec b, struct timespec a)
{
    struct timespec t;
    t.tv_sec  = b.tv_sec  - a.tv_sec;
    t.tv_nsec = b.tv_nsec - a.tv_nsec;
    if (t.tv_nsec < 0) {
        t.tv_sec  -= 1;
        t.tv_nsec += 1000000000L;
    }
    return t;
}
```

Tahadhari na muda hasi: robo sekunde nyuma ya sifuri ni `tv_sec` = -1 na `tv_nsec` = 750000000. Ukiichapa moja kwa moja utasoma -1.75. Na unapochapa, andika `%09ld` kwa nanosekunde. Ukiandika `%ld` tupu, sekunde 5 na nanosekunde 7,000,000 zitatoka 5.7000000 badala ya 5.007.

Wengi hukimbilia `double`, aina ya namba za desimali. Kwa tofauti ndogo, baada ya kutoa, haina neno. Kwa wakati mzima tangu 1970, ambako saa ya kalenda huanza kuhesabu, hapana: biti 53 zikishabeba sekunde zaidi ya bilioni 1.7, hatua ndogo inayobaki ni nanosekunde 238 hivi. Mimi napendelea `int64_t` (namba kamili ya biti 64) ya nanosekunde ndani ya programu, maana inatosha miaka 292. Ila andika `(int64_t)t.tv_sec * 1000000000`, ubadilishe aina kabla ya kuzidisha. Kwenye mashine ya biti 32 bila hivyo hesabu hufurika kabla haijafika kwenye kigezo chako.

Sasa mzunguko wa kupima kila milisekunde 100. Ukitumia `nanosleep`, inayolala kwa urefu wa muda uliotaja, na kazi yenyewe ikala milisekunde 3, vipimo 36,000 vya saa moja vitachelewa sekunde 108. Dawa ni `clock_nanosleep` pamoja na `TIMER_ABSTIME`: unaongeza 100,000,000 kwenye wakati uliopangwa (hapa `lini`), halafu unalala mpaka wakati huo ufike. Hapa ndipo programu nyingi huvunjika. `tv_nsec` ikifika 1,000,000,000, fanksheni inarudisha `EINVAL` (kosa la thamani isiyokubalika) papo hapo bila kulala, na kwa kuwa msimbo wa kosa ni thamani inayorudishwa, anayekagua `errno`, kigezo ambamo makosa huwekwa kwa kawaida, haoni kitu. Mzunguko unakimbia ovyo na kichakataji kinafika asilimia 100 ya uwezo wake ndani ya sekunde moja tangu programu ianze. Kinachokosekana ni hiki tu, baada ya kila kujumlisha:

```c
if (lini.tv_nsec >= 1000000000L) {
    lini.tv_nsec -= 1000000000L;
    lini.tv_sec  += 1;
}
```

Ikirudisha `EINTR`, ishara imeikatiza tu. Iite tena na `lini` ileile.