Je, wajua kwa nini historia ya Lubumbashi iliyoandikwa na maboyi inataka kusomwa kwa sauti?

Mwaka 1965, katika mji huo wa Katanga, kusini mwa Kongo, uliokuwa bado unaitwa Elisabethville, chama cha watu waliowahi kuwa maboyi wa wazungu kilitoa kijitabu kilichopigwa taipu. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha mji, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Aliyekiandika ni André Yav. Anasimulia mji ulivyoanza, ulivyokua, na maisha ya watu waliowapikia wazungu, wakawafulia na kuwatumikia majumbani mwao.

Ukikichukua leo ukakisoma kimya kimya, hata kama umekulia ndani ya Kiswahili, utakwama kabla ya kumaliza ukurasa. Kisome kwa sauti, tena mbele ya mtu anayekusikiliza, na mambo yanaanza kukaa sawa. Sababu yake inatupeleka kwenye reli, kwenye majiko ya wazungu, na hadi kwenye riwaya ambazo watoto wa Katanga wanaandika siku hizi.

Kiswahili hakikuzaliwa Katanga. Kilifika na misafara ya biashara kutoka mashariki katika karne ya 19, enzi za Msiri, mfalme wa Wayeke aliyetawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891. Ila kilichokifanya kiwe lugha ya mji ni shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa 1906. Reli kutoka kusini ikafika 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na 1911 tanuru la kuyeyusha shaba likaanza kazi. Watu wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kutoka Kasai, na baadaye kutoka Ruanda-Urundi. Mubemba, Muluba na Munyarwanda wakajikuta wanakaa mlango kwa mlango kambini, na lugha waliyokutania ikawa Kiswahili. Wakakiumba upya kwa ndimi zao. Wazungu wakawa bazungu, hapa ikawa apa, nyumbani ikawa ku nyumba.

Lugha hiyo ilikua bila dawati la shule. Vitabu vya kufundishia vilivyotolewa na misheni na wakoloni vilifuata Kiswahili kilicho karibu na kile cha mashariki, na karatasi za serikali zilikuwa za Kifaransa. Kile kilichosemwa sokoni, kwenye foleni ya posho na usiku nyuma ya nyumba hakikuwa na tahajia yake. Mtu angeweza kuishi maisha yake yote akikisema, akikiimba na kutania nacho, bila kuona hata sentensi moja yake imechapwa.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya mashine ya taipu. Chukua sentensi ambayo yeyote wa mitaa ya Katuba au Kamalondo angeisema: bazungu bakafika apa. Mfano huu ni wangu, si wa Yav. Anayeandika kwa sikio anaweza kuipiga "ba zungu baka fika apa", na mistari mitatu mbele akaipiga "bazungu bakafikaapa", na kwake hakuna tofauti, kwa sababu mdomoni hakuna nafasi kati ya maneno. Yav anaandika hivyo kurasa nzima. Neno linakatwa katikati, jingine linaunganishwa na jirani yake, lilelile linarudi na herufi nyingine. Nukta na mkato haziko pale jicho linapozitegemea, kwa hiyo hujui sentensi imeisha wapi wala nani sasa anasema. Jicho linatafuta umbo la neno ambalo limezoea kuliona, halilipati, linasimama. Sikio halina shida hiyo: likishasikia mwendo wa usemi, linajua lenyewe pa kupumua.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alilikuta tatizo hili alipotaka kukitafsiri kijitabu. Njia aliyoifuata ndiyo ninayoipenda kuliko maelezo yote yaliyoandikwa juu ya kitabu hiki. Alimpa maandishi Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, ayasome kwa sauti. Usomaji ukarekodiwa, na kilichosikika kikaandikwa upya kwa maneno yaliyotenganishwa na vituo mahali pake. Toleo lililochapwa Amsterdam mwaka 1990 likawa na yote: maandishi ya Yav kama alivyoyapiga, usomaji wa Kalundi, na tafsiri. Ukilinganisha unaona kwamba msomaji hakubadilisha herufi kuwa sauti tu. Anasita, anarudia, anajaza panapokosekana, kama mtu anayesimulia habari anayoijua.

Wapo wanaoliona jambo hili kama upungufu wa mtu asiyesoma sana. Sikubaliani nao. Anayeweza kupanga historia ya mji mzima na kuibeba kurasa kadhaa bila kielelezo chochote mbele yake si mtu wa kuhurumiwa. Hakukuwa na kitabu cha namna hiyo cha kuiga. Yav aliwaandikia wenzake, na wenzake walikuwa na desturi ya kukaa pamoja na kusimuliana. Karatasi ilikuwa ya kumkumbusha msomaji aseme nini, na sauti ilikuwa kazi ya kundi. Ndiyo maana anaacha mengi bila kuyaeleza: alijua aliyekaa pale angedakia, "ndiyo, ni yule bwana wa Avenue fulani".

Na kwa nini maboyi, badala ya wachimbaji au makarani? Mchimbaji alimwona mzungu kazini tu. Boyi alimwona akiamka, akila, akigombana na mkewe, akisoma barua kutoka Ulaya. Alisimama nyuma ya kiti na sinia mkononi wakati wenye mji wakizungumza juu ya mji, na waliongea mbele yake kana kwamba hayupo. Usiku alirudi boyerie, chumba cha nyuma ya uwanja, akawaeleza wenzake. Karani alijua kilichoandikwa ofisini. Boyi alijua kilichosemwa mezani. Hazina hiyo ilikaa miaka hamsini na zaidi ikipita kinywa hadi kinywa.

Wakati nao uliwasukuma. Uhuru ulikuja Juni 30, 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikajitenga. Utengano huo ulidumu hadi Januari 1963. Lumumba aliuawa karibu na mji huu Januari 17, 1961. Wazungu wengi waliondoka, na pamoja nao kazi ya boyi na mpangilio wote wa maisha ulioizunguka. Waliokuwa vijana reli ilipofika walikuwa wazee sasa. Novemba 24 ya mwaka uleule wa kijitabu, Mobutu akachukua madaraka, na 1966 jina la Elisabethville likafutwa, mji ukawa Lubumbashi. Yav na chama chake walimaliza kazi pale mlangoni kabisa.

Kitabu hiki hakikusimama peke yake. Mji mzima ulikuwa unaweka kumbukumbu zake mdomoni. Wakati wa ukoloni watoto walitishwa na habari za mutumbula, ambaye ilisemekana anawanasa watu gizani kwa ajili ya wazungu. Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara, na makumi wakafa. Kwa miaka mingi tukio hilo liliishi zaidi katika masimulizi ya familia kuliko katika vitabu.

Kisha kuna mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mjini hapa 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi, picha mia moja na moja, rangi juu ya kitambaa cha mifuko ya unga: Msiri, minyororo, mjeledi, mgomo wa 1941, Lumumba mbele ya umati. Wengi wanamjua kwa picha tu. Ila yeye alijiita mwanahistoria, na alipomletea Fabian picha zake, alikaa akamsimulia moja baada ya nyingine kwa Kiswahili, na mashine ikirekodi. Picha bila maneno yake ni nusu ya kazi. Mtazame anavyoandika ndani ya picha: kichwa kifupi cha Kifaransa chini ya mchoro, herufi zimepangwa kwa mkono, na jina lake. Maelezo yote mengine yalibaki kinywani, kwa sababu alitegemea kwamba mwenye nyumba atakayeitundika sebuleni ataulizwa na wageni, naye atasimulia.

Kundi la maigizo la Mufwankolo, lililopendwa sana redioni na kwenye televisheni, lilifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1986 lilitunga mchezo kutokana na msemo kwamba utawala huliwa mzima, haugawanywi. Wachezaji walikaa, wakabishana maana ya msemo, wakagawana nafasi, wakajaribu matukio. Hakukuwa na karatasi yenye maneno ya kukariri. Kila mmoja alijua anatakiwa kufika wapi, na maneno yakaja kwa Kiswahili cha mji wakati wa kucheza.

Waandishi wa riwaya wa leo wanaandika Kifaransa, na hapo ndipo mtu anadhani uzi umekatika. Msome Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi 1981 na sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya yake Tram 83, iliyotoka 2014, iko katika mji wa migodi usio na jina ambao mtu wa kwetu anautambua mara moja. Habari zake nyingi zinapita ndani ya baa moja wanamokutana wachimbaji, wanafunzi, watalii na wasichana wa usiku. Sentensi zake zinaenda ndefu, orodha juu ya orodha, na swali la wasichana, kama una saa, linakatiza mazungumzo tena na tena kama kiitikio cha wimbo. Anayeisoma kimya anaweza kuchoka. Mwandishi mwenyewe huisoma jukwaani pamoja na wanamuziki, akinong'ona, akipiga kelele, akirudia, na pale ndipo marudio yale yanaeleweka. Yameandikwa yasikike.

Sinzo Aanza, mzaliwa wa Goma, naye amekitumia kipaji cha mji huu cha watu wengi kusema kwa mpigo. Katika riwaya yake ya 2015, Généalogie d'une banalité, wakazi wa mtaa maskini wa Elisabethville wanachimba shaba chini ya nyumba zao wenyewe, na habari inabebwa na sauti nyingi zinazopokezana. Anayejua jinsi habari inavyosambaa katika mtaa wetu, kila mtu akiongeza chake, hatauliza kwa nini kitabu kimejengwa hivyo.

V. Y. Mudimbe alikuwa mwandishi wa namna nyingine kabisa, mtu wa jicho na maktaba. Alizaliwa Likasi Desemba 1941, mwezi uleule wa mauaji ya wagomaji, akafundisha chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, na mwaka 1988 akatoa The Invention of Africa, kitabu kinachouliza Afrika inayosomwa vitabuni iliumbwa na nani na kwa maarifa ya nani. Amefariki Aprili 2025. Swali la kitabu hicho ni zito, na lilibadilisha mafunzo ya vyuo vikuu duniani. Kila ninapolifikiria, namwona pia Yav, ambaye hakuwa na chuo wala maktaba, lakini alikuwa amekwisha kukaa chini na wenzake katika mji huohuo na kuandika historia kwa maarifa yao wenyewe, kwa lugha ambayo mama zao waliielewa. Wawili hawa ningependa wafundishwe pamoja, darasa moja, wiki moja.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi hakikulala juu ya hili. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu amefanya kazi miaka mingi na masimulizi ya wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, na watoto wao, na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 hivi, uliwaomba wakazi walete vitu vya nyumbani na kueleza habari zake. Pasi ya mkaa au baiskeli ya baba iliwekwa mbele ya watu, na mwenye nayo akazungumza.

Kwa anayetaka kukisoma kijitabu cha Yav, maandishi yake yapo kwenye intaneti, bila malipo, katika hifadhi ya maandishi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa na Fabian na wenzake. Usianze na tafsiri. Chukua kurasa mbili za maandishi ya Yav mwenyewe, umtafute papa au mama aliyekulia Kamalondo, Katuba au mtaa uitwao Kenya, na umsomee polepole hata kama wewe mwenyewe huelewi unachosoma. Ukikata neno vibaya atakurekebisha kabla hujafika mwisho wa mstari. Kisha atakusimamisha kwenye jina la barabara au la bwana fulani ili aongeze anachokijua yeye, na hilo halimo kwenye kijitabu wala kwenye tafsiri, kwa hiyo uwe na simu mkononi ya kurekodi. Waliozaliwa mwaka wa kijitabu wamefika sitini. Wale waliofanya kazi katika nyumba za wazungu kabla ya 1960 ni wazee sana, na waliobaki ni wachache.