Je, wajua kwa nini kwotabeki mwenye mkono wa chuma hukalishwa benchi chuoni?

Katika futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mpira uliochongoka ncha mbili, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa shambulizi na kuamua auelekeze wapi. Vyuo vikuu vikubwa huwagombania vijana wa miaka 17 na 18 wenye uwezo wa kuurusha yadi 60. Halafu kijana akishasajiliwa kwa mbwembwe zote hizo, mara nyingi anakaa benchi msimu mzima.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba mkono wake haujakomaa. Ni maelezo yanayoingia akilini, na kwa sehemu kubwa si sahihi. Ni kweli mwili wa miaka 18 unahitaji kujengwa kabla ya kugongwa na watu wazima. Lakini mkono huwa umeshafika. Si ajabu mazoezini kumwona mgeni akirusha mbali kuliko mkubwa anayemweka benchi, mashabiki wakabaki kujiuliza kocha ana chuki gani na mtoto wa watu. Kama umbali ndio ungekuwa kipimo, makocha wangemaliza kazi kwa futi kamba.

Kinachongojewa ni macho.

Shule ya sekondari, nyota wa namna hii anarusha kwa mwenzake ambaye tayari yuko peke yake. Anamwona, anarusha, watu wanashangilia. Chuoni mabeki wana kasi, na nafasi hufunguka wakati mpira umeshaondoka mkononi. Mpenzi wa soka anaijua pasi mpenyezo: kiungo hampigii mshambuliaji pale aliposimama, anautanguliza mpira nyuma ya mabeki akiamini mwenzake atafika. Akisubiri amwone amefika, kibendera cha kuotea kiko juu. Sasa mwekee kiungo huyo wanaume wanne wa kilo 130 wanaomkimbilia yeye mwenyewe, mpe sekunde zisizozidi tatu, na umfanye apige pasi ya namna hiyo karibu kila mara.

Tuchukue mkimbio mmoja wa kawaida. Mpokeaji, yaani mwenzake anayerushiwa mpira, anakwenda mbele moja kwa moja yadi kama 12, kisha anakata ghafla kuelekea mstari wa pembeni. Kwotabeki anarudi nyuma hatua tano. Mguu wa hatua ya tano unapokanyaga, mpira unatakiwa kutoka, na wakati huo mpokeaji bado anakimbia mbele akiwa amempa mgongo. Akichelewa hadi aone mwenzake amegeuka, beki naye ameona. Beki akiunasa mpira huo pembeni, kwa kawaida hakuna mtu mbele yake hadi mwisho wa uwanja.

Hapo bado hatujagusa udanganyifu. Kabla mpira haujaanzishwa, mabeki wawili wa mwisho wanaweza kusimama mbali nyuma, kila mmoja na nusu yake. Mpira ukianzishwa tu, mmoja anashuka mbele na mwingine anahamia katikati. Pasi iliyokuwa nzuri sekunde moja nyuma sasa ni zawadi kwa wapinzani, na kijana anatakiwa kuligundua hilo huku akirudi kinyumenyume. Mkono wa chuma hapa ni hatari zaidi, kwa sababu unamshawishi kwamba nguvu italipa deni la kuchelewa. Hailipi, japo nguvu ina mahali pake: viwanja vya vyuo vina mistari miwili ya ndani iliyoachana futi 40, na shambulizi likianzia kwenye mmojawapo, upande mpana una yadi 33 hivi hadi pembeni. Pasi ya huko bila mkono haifiki.

Macho hayo hufundishwa kwa marudio, na marudio ni haba. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zimeweka ukomo wa saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, na mazoezi 15 majira ya kuchipua. Ndani ya muda huo anayeanza mechi ndiye anayechukua sehemu kubwa, na kijana anabaki kwenye kikosi kinachoigiza wapinzani wa mechi ya Jumamosi, akirusha mipira ya mbinu ambazo si zao. Tangu 2024 kocha wa vyuo vya daraja la juu anaruhusiwa kumwongelesha mchezaji kwa redio ndani ya helmeti, lakini sauti inakatwa saa inayohesabu muda wa kuanzisha mpira ikibakiza sekunde 15. Beki wa mwisho anahama baada ya hapo.

Je, kungoja kunasaidia? Kwotabeki Joe Burrow alikaa chuo cha Ohio State misimu mitatu bila kuwa chaguo la kwanza, akahamia chuo cha LSU 2018 na kupiga pasi 16 za tachidauni, yaani zilizozaa bao. Msimu wa 2019 alipiga 60, timu ikashinda mechi zote 15. Ushahidi mtamu, ila mwaka huohuo LSU walikuwa wamebadilisha mfumo wa ushambuliaji, na wapokeaji wake walikuwa nyota Ja'Marr Chase na Justin Jefferson. Kwotabeki mwingine, Trevor Lawrence, aliingia chuo cha Clemson 2018, akashika nafasi baada ya mechi nne na kutwaa ubingwa mwaka wake wa kwanza. Waliongoja wakasahaulika hatuwahesabu, kwa hiyo hoja ya subira ni dhaifu kuliko inavyosemwa.

Isitoshe, subira yenyewe imekuwa ghali. Tangu 2018 kuna sajili ya wanaotaka kuhama, na tangu 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kwotabeki Mac Jones alifika chuo cha Alabama 2017, akakaa nyuma ya makwotabeki wenzake Jalen Hurts na Tua Tagovailoa, akakabidhiwa timu rasmi 2020 na kuchukua ubingwa. Leo kijana aliye wa tatu kwenye foleni kama ile ana kila sababu ya kufungasha, na kocha naye ana kila sababu ya kumchukua mwenye miaka 22 kutoka chuo kingine, ambaye makosa yake ya kusoma mabeki aliyamalizia huko alikotoka.