Gesi ya friji haiishi, inavuja: daftari lako lasemaje?

Jamani, kuna neno nalisikia kila nikiingia hoteli za Nyali ama bucha za Kongowea, "mwalimu, gesi imeisha." Mimi nafundisha ufundi wa friji na esi chuoni hapa Mombasa na hili neno laniuma, kwa sababu gesi ya friji haiishi, si petroli kwamba ukiwasha mashine yachomeka. Yazunguka mle mle ndani ya mabomba miaka na miaka, ukiona imepungua basi imetoka mahali. Na kujua imetoka kiasi gani na tangu lini, hapo hakuna cha kukwambia isipokuwa daftari la matengenezo ya mashine.

Kuna bwana mmoja ana kolrumu, chumba cha baridi, ya samaki karibu na bahari, kila fundi akija ajaza, alipwa, aenda zake, na fundi akibadilika yule mpya hajui mwenziwe alifanya nini. Tukamwambia aandike tu, tarehe na kilo. Baada ya miezi kadhaa tukafungua kurasa zile, kumbe kila miezi miwili gesi yaingia kilo moja na kitu, tukaenda moja kwa moja kwa kondensa ya nje, ile sehemu inayotoa joto, chumvi ya bahari ilikuwa imekula bomba pale kwenye kona. Pesa alizokuwa amejazia gesi zingenunua kondensa mpya.

Sasa hesabu. R404A, aina ya gesi iliyoko kwenye kolrumu nyingi, kilo moja ikitoka hewani yapasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dioksaidi. R410A ya esi za ukutani ni 2,088, R134a ni 1,430, R32 ni 675. Kwa hivyo ukipoteza kilo 3 tu za R404A ni sawa na karibu tani 12 za kaboni dioksaidi. Ulaya, kwa sheria yao ya 2024, mashine ikibeba gesi inayofikia tani 5 kwa hesabu hiyo (R404A ni kilo moja na robo tu!) mwenyewe lazima aikague liki, yaani kama yavuja, na aweke rekodi miaka 5, na fundi naye abaki na nakala. Ikifika tani 50 ukaguzi ni kila miezi 6, tani 500 kila miezi 3. Mimi naona hicho ni kipimo kizuri hata kwa hoteli ya Bamburi.

Kwetu nako mambo yabana. Kenya iliridhia Marekebisho ya Kigali, makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi hizi za friji, mwaka 2023, matumizi ya gesi hizi yamewekewa kikomo kuanzia 2024, yashuke asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Kuziingiza bandarini ni kwa leseni, na kila mwaka nchi yapeleka takwimu zake kwa Sekretarieti ya Ozoni, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayosimamia makubaliano hayo, iko papo hapo Gigiri Nairobi, kabla ya Septemba kuisha. Muagizaji asema ameleta kilo ngapi, lakini zimekwenda wapi, mashine gani yala gesi kuliko zote, hayo yajulikana na nyinyi wenye mashine na mafundi wenu.

Na si mambo ya hewa peke yake, ni roho za watu. Mwaka 2011 kuna makontena ya baridi yalilipuka na mafundi wakafa, ikaonekana ndani kuliingizwa gesi feki yenye kloridi ya methili, ikila alumini yatengeneza kitu kinachowaka kikigusana na hewa tu. Njia ya kuyapata mengine ilikuwa ni kufuata rekodi za matengenezo, lipi lilihudumiwa Vietnam, kulikoshukiwa gesi hiyo, hayo yakatengwa. Sisi twaishi na Kilindini hapa, makontena hayo twayaona kila siku. Kwa hivyo daftarini usiandike "nimejaza gesi" ukafunga, andika mtungi umetoka duka gani na risiti uipachike hapo hapo.

Mengine ni mepesi. Kila mashine ukurasa wake, jina la gesi na kilo kama kibao chake kinavyosema, kisha kila ziara: tarehe, jina la fundi, liki ilipatikana wapi na ilizibwa vipi, kilo zilizoingia kwa mizani, yaani mtungi upimwe kabla na baada, si kwa kukisia kwa geji ya presha.

Mashine ikichoka msikate bomba gesi ikaenda na upepo kabla ya kumuuzia mtu wa vyuma. Fundi aivute kwa mashine ya kukusanyia, aipime, aandike mtungi umepelekwa wapi. Kama kibao chasema kilo 6 na zimepatikana 2, zile 4 nazo ziandikwe.