Je, wajua wafalme wa Ufaransa waliwang'oaje makabaila meno?

Mwaka 1600, kabaila mkubwa wa Ufaransa alikuwa na mambo matatu ya kumkosesha mfalme usingizi: ngome, wapiganaji waliokula chumvi yake, na ugavana wa jimbo. Alikuwa na mali pia, ila hiyo haikuguswa sana.

Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Louis XIII, alianza na kuta. Amri ya 1626 iliagiza ngome zote zisizolinda mipaka zibomolewe. Kasri la kuishi lilibaki. Kilichoondoka ni uwezo wa kujifungia ndani na kuhimili mizinga ya mfalme. Kupigana wawili wawili kwa panga kulinda heshima nako kulipigwa marufuku. Montmorency-Bouteville akapuuza, akapigana Paris mchana kweupe, akakatwa kichwa 1627. Jamaa yake, Duke wa Montmorency, gavana wa Languedoc, aliasi. Naye akakatwa kichwa Toulouse mwaka 1632.

Ugavana wenyewe haukufutwa. Gavana aliachiwa cheo na mshahara, huku kodi, mahakama na usalama vikizidi kuingia mikononi mwa intendanti, afisa aliyetumwa jimboni na mfalme. Huyu hakununua nafasi hiyo wala hakuweza kumrithisha mwanawe, tofauti na ilivyokuwa kwa vyeo vingi vya Ufaransa. Mfalme alimwondoa alipotaka.

Mambo yaliharibika 1648, Louis XIV akiwa bado mtoto. Kodi za vita zilichosha watu, mahakama kuu ya Paris ikashinikiza maintendanti waondolewe, kisha wakuu kama Condé, mwanamfalme na jemadari, wakaingia vitani dhidi ya serikali. Uasi huo, Fronde, ulizimwa 1653 na maintendanti wakarudishwa. Louis hakusahau: alipoanza kutawala mwenyewe 1661 aliwafungia ndugu zake wa damu mlango wa baraza kuu, na magavana wakawa wanateuliwa kwa miaka mitatu mitatu.

Mwaka 1682 makao ya serikali yalihamia Versailles, kasri la mfalme nje ya Paris. Pensheni na vyeo vya jeshi viliombwa hapo, na asiyeonekana hakukumbukwa. Kila usiku mfalme alipovua nguo alimchagua mkuu mmoja amshikie kinara cha mshumaa, na watu wazima waliigombea heshima hiyo. Makabaila wengi hawakuwahi kuishi huko, lakini waliolengwa ni wale wakubwa.

Gharama ya mbinu hizi? Makabaila walibaki na misamaha mingi ya kodi. Mwaka 1787, hazina ikiwa tupu, serikali iliwaita wakuu wa nchi wakubali kodi mpya ya ardhi. Walikataa.