Hesabu sheria zilizobadilika, si miaka uliyokaa nyumbani

Kila mwaka ukielekea Desemba, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni mawakili wenzangu wa Mwanza, wengi wao wanawake, walioacha kazi ili walee watoto au wauguze wazazi. Nami nilikaa nje miaka mingi kwa sababu hizo hizo, kwa hiyo wananiuliza bila aibu, na swali la kwanza huwa leseni.

Hilo ndilo jepesi. Leseni ya uwakili huisha tarehe 31 Desemba. Usipoihuisha, jina lako linaweza kuendelea kuwamo kwenye Daftari la Mawakili, lakini kuwamo daftarini peke yake hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Wasiliana na ofisi ya Msajili wa Mahakama Kuu na Chama cha Mawakili Tanganyika, uliza unadaiwa ada zipi na mafunzo gani, kisha omba.

Ila wakati unasubiri, muhuri ufungie kabatini. Nalisisitiza hili kwa sababu naijua mitaa yetu. Iwe Igoma au Kirumba, jirani akishajua wewe ni wakili haulizi habari za leseni. Anakuja jioni na mkataba wa kuuziana kiwanja: "Mama, nigongee muhuri tu, kesho asubuhi nasafiri." Sheria inamhesabu wakili asiye na leseni hai kuwa mtu asiye na sifa, na hati aliyoiandaa inaweza kukataliwa mahakamani. Atakayeumia ni jirani huyo huyo uliyemwonea huruma.

Kazi yenyewe iko kwenye sheria. Wengi wanaorudi wanajipima kwa miaka: "Dada, nimekaa kumi, nitaanzia wapi?" Miaka haisaidii kitu. Andika juu ya karatasi mwaka uliotoka, halafu orodhesha kila kilichobadilika tangu hapo katika eneo moja tu la sheria unalotaka kurudi nalo. Hapo woga unapata mipaka, na kila mstari unageuka kazi ya kusoma.

Mfano, aliyeacha mwaka 2015 akiwa anashughulika na ardhi. Alizoea kwamba Baraza la Kata linaamua mgogoro wa ardhi usiozidi thamani ya shilingi milioni 3. Tangu mabadiliko ya 2021, Baraza hilo linapatanisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akimshauri mteja wa Magu kwa kumbukumbu zake za zamani, atampoteza tangu hatua ya kwanza.

Halafu kuna mapingamizi ya awali, yaani hoja za kisheria za kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa. Kizazi chetu kilifunzwa kuvizia kasoro: kifungu kilichonukuliwa vibaya kilitosha kuliua ombi zima. Mwaka 2018 viliingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai vifungu vinavyoitaka mahakama iangalie haki ya msingi na kumaliza mashauri kwa haraka na kwa gharama nafuu. Mahakama ya Rufani imeonya kwamba vifungu hivyo si ruhusa ya kupuuza kanuni za lazima, kwa hiyo mapingamizi hayajafa. Lakini anayerudi akitegemea silaha hiyo peke yake atashangaa jinsi ilivyopungua makali. Mimi naona ni mabadiliko mema; wananchi wengi mno walifukuzwa mlangoni kesi zao zikiwa hazijasikilizwa.

Mwaka 2021 huo huo, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza hakijaondoka na bado utakikuta kwenye hukumu nyingi. Fanya mazoezi ya kuandika hati ya madai na kiapo kwa Kiswahili kabla hujapata mteja. Ufasaha wa sebuleni hautoshi. Sentensi ya kisheria lazima ibane.

La karibuni zaidi ndilo linalowasumbua hata ambao hawajawahi kutoka kazini. Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria za nchi zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika sheria nyingi namba za vifungu zimesogea. Namba ulizokariri chuoni usiziamini. Soma hukumu mpya TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure, na kila inaponukuliwa kifungu fungua toleo jipya ulinganishe. Hapa anayerudi na aliyebaki wanaanza karibu pamoja, na nawahimiza wenzangu waitumie nafasi hii.

Kuhusu kuomba kazi, sema wazi kwamba ulikuwa unalea, kisha mwoneshe mwenye ofisi ile orodha na ulichosoma. Kuwa wazi pia kuhusu saa zako. Kusajili shauri sasa kunafanyika kwa mtandao, hata watoto wakishalala. Shauri la Sengerema nalo halikutishi kama zamani: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hupangi tena foleni ya kivuko, na jioni unaweza kuwa nyumbani. Ukerewe bado ni safari ya majini yenye ratiba yake. Ukipewa faili la Nansio, uliza tarehe na saa ya kusikilizwa, panga nani atabaki na watoto, ndipo ulipokee.