Je, wajua? Riwaya ya mapenzi huweza kwenda bila ashiki

Nilipoambiwa zipo riwaya za mapenzi ambazo shujaa wake ni aseksua, yaani mtu asiyevutwa kimwili na mwanamume wala mwanamke, nilicheka. Huyo, nikasema, ama mtawa, ama hanithi, ama hajakutana na wa kumtia wazimu. Makosa matatu kwa pumzi moja, si haba.

Twende Forodhani, Unguja, jioni. Watatu wanapita mbele ya muuza urojo. Wa kwanza kafunga sunna: mate yanamjaa, anangoja adhana. Huyo ndiye mtawa, hamu anayo ila kajizuia. Wa pili ana homa, urojo aupenda lakini kinywa kichungu, na homa ikishuka ataurudia. Huyo ndiye hanithi. Wa tatu, ndiye aseksua wetu, hakufunga wala haumwi, ila harufu ile haimwambii kitu, na haijawahi. Ukimwekea bakuli huenda akala, huenda akalisogeza. Lakini ndiye atakayekaa kitako ukutani na mwenziwe mpaka wauzaji wafungashe, maana hakufuata urojo. Anayetaka kumtibu huyu autaje kwanza ugonjwa.

Kiswahili chenyewe kilishatenga: huba si ashiki, na ashiki si nyege. Sijui nilivisahau vipi.

Ni wengi? Mwaka 2004 Anthony Bogaert, mtafiti wa Kanada, alichambua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000. Kama asilimia 1 walisema hawajawahi kuvutwa kimwili na mtu yeyote. Swali lilikuwa moja tu, na la kwao huko, kwa hiyo usiipigie hesabu Wete na Mkoani, kule Pemba.

Riwayani, ashiki ikitoka, kinachosukuma kisa ni nini? Katika Let's Talk About Love ya Claire Kann (2018), Alice anaachwa na mpenzi wake kwa kukosa hamu hiyo. Kisha kazini, maktaba, anatokea Takumi, na moyo unamruka kama wa mtu yeyote. Roho juu ya msomaji haiko kwenye busu, iko kwenye neno: atamwambia lini, naye atabaki? Mwandishi mvivu angemponya Alice kwa busu moja.

Georgia wa Loveless ya Alice Oseman (2020) anakwenda mbali zaidi: hataki hata mchumba, na huba yake yote ni ya marafiki. Hiyo kuiita riwaya ya mapenzi bado nabisha, ingawa kila nikibisha naishiwa hoja.