Fyuzi Hailindi Friji Yako

Mwenye vani ya kulala, mwingine tena, kaniambia: "Fundi, fyuzi ya ampea 15 ilikuwa inakatika kila mara, nikaweka ya 30, sasa mambo safi." Si safi hata kidogo. Ule waya wa milimita mraba 1.5 uliopita nyuma ya mbao za ukutani sasa ndio fyuzi yako.

Fyuzi hailindi friji, wala taa, wala redio. Inalinda waya. Friji ikifa utanunua nyingine; waya ukishika moto ndani ya ukuta, unaungua pamoja na kitanda ulicholalia. Ndiyo maana ukubwa wa fyuzi hufuata unene wa waya, na mahali pake ni jirani na betri.

Nilifungua vani moja nikakuta fyuzi imefungwa kando ya friji, mita 4 kutoka kwenye betri. Pale waya ulipopenya bati nyuma ya kiti, hakuna raba ya kuukinga. Ukingo wa bati ulikuwa umeshakula plastiki hadi shaba inang'aa. Ungegusa bodi, umeme ungepita kwenye bati na kurudi kwenye hasi bila hata kuifikia fyuzi ile. Ampea 500 kwa volti 12 ni wati 6,000, na nyingi huishia ndani ya waya mwembamba. Halafu naambiwa volti 12 haziui! Wao wanazungumzia mshtuko wa umeme. Mimi nasema moto.

Na hili hata mafundi wenzangu hulisahau: waya unaounganisha betri ya injini na betri ya pili, ile ya nyuma inayolisha friji na taa, unataka fyuzi mbili, moja kila upande. Ikikatika ya mbele peke yake, betri ya nyuma itaendelea kulisha shoti.

Friji ikizimika usiku, pima volti palepale kwenye friji kabla ya kulaumu betri; huenda volti zinapotea njiani. Waya wa milimita mraba 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, hupoteza karibu volti 0.7 kwa ampea 10.

Kuna jambo moja linanisumbua. Majedwali mengi ya waya huhesabu waya ulio kwenye hewa, na wa kwetu umezikwa ndani ya sufi ya kuzuia joto na baridi ukutani. Mimi hupunguza theluthi ya ampea zinazotajwa na jedwali. Kiasi hicho nilikipata kwa kushika waya kwa vidole baada ya saa nzima ya kazi, na bado kila vani mpya naushika tena.